Springi za Land Rover na Njia za Bonde la Kilombero

Kila nchi ina namna zake za kuweka kumbukumbu. Ziko kumbukumbu zilizoandikwa vitabuni, ziko zilizohifadhiwa katika masimulizi ya wazee, na ziko zilizobaki katika vyombo vya kazi ambavyo watu huvitumia bila kudhani kwamba vina neno la kusema. Jembe lililolika upande mmoja hutueleza mkono uliolishika; upondo uliochakaa ncha hutueleza kina cha maji ulimochovywa. Insha hii yataka kuuliza swali juu ya chombo kimoja cha namna hiyo. Motokaa za zamani zilizopita katika Bonde la Kilombero zimeweka kumbukumbu gani ya njia za bonde hilo? Na yule afunguaye springi za motokaa hizo, ili azisafishe na kuzirudisha katika hali njema, afanye nini asije akaiondoa kumbukumbu hiyo pamoja na kutu?

Swali hili laweza kuonekana dogo, nalo laweza kuachiwa mafundi wenye mikono ya grisi. Walakini katika bonde hili springi haikuwa pambo la gari. Ilikuwa ni moja ya vitu vilivyoamua kama mgonjwa atafika hospitali au atalala njiani, kama mpunga utafika sokoni au utaota ndani ya gunia. Kitu chenye madaraka kama hayo kinastahili kuwa na historia yake.

Yatupasa kwanza kulitazama bonde lenyewe. Limelala katika Mkoa wa Morogoro, kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na vilima vya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mto Kilombero, ambao Wajerumani waliuita Ulanga, hukusanya maji ya mito mingi itokayo milimani, ukapita katika uwanda mpana, hata ukakutana na Luwegu na kuufanya Rufiji. Masika yanapokolea mto huacha kingo zake, na uwanda wote hugeuka kuwa kama ziwa. Sehemu hiyo ya ardhi oevu, yenye kilomita za mraba zipatazo 8,000, iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya maeneo yenye umuhimu kwa dunia nzima. Udongo ulioachwa na maji ndio uletao mpunga. Lakini udongo huo huo, mvua ikinyesha, hushika gurudumu kama gundi.

Kabla ya motokaa, watu wa bonde waliyajua mashauri ya maji. Wandamba walikuwa mabingwa wa mitumbwi, na wakati wa mafuriko mtumbwi ndio uliokuwa barabara. Wakulima walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakakaa humo msimu wa shamba bila kugombana na mto. Penye nchi kavu mzigo ulichukuliwa kichwani. Mwezi Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walipoishambulia boma ya Mahenge, walikwenda kwa miguu. Na tarehe 9 Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipoiteka Mahenge katika Vita Kuu ya Kwanza, vyakula na risasi za pande zote mbili vilibebwa na wapagazi. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu mengi katika Afrika ya Mashariki. Mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha mtu, na springi ya safari ilikuwa magoti yake. Mtu asemaye kwamba motokaa ilileta starehe tu na akumbuke kwanza ni nani aliyetuliwa mzigo.

Hata hivyo ahadi za usafiri zilitangulia usafiri kwa miaka mingi. Mwaka 1929 ilitolewa taarifa ya Alexander Telford juu ya kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero, nayo ilitia matumaini kwamba nchi hii yenye rutuba ingefunguliwa kwa kilimo kikubwa. Njia ya chuma haikufika Ifakara kwa zaidi ya miaka arobaini baadaye. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika Kidatu katika miaka ya 1960, kwenye lango la bonde, ambako kiwanda cha sukari cha Kilombero kilikuwa kimeanza kazi. Ifakara yenyewe ilingoja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Katika muda huo wote, aliyetaka kutoka Mikumi kwenda Ifakara alifuata njia ya udongo chini ya milima, akipita Kidatu, Mang'ula na Kiberege, akavuka vijito vingi. Na kama safari yake ilikuwa ya Mahenge, alisimama Kivukoni akingoja pantoni. Njia hiyo ndiyo iliyoichagua motokaa yake.

Motokaa hiyo aghalabu ilikuwa Land Rover. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Waliolibuni walikuwa kampuni ya Rover ya Uingereza, wakiongozwa na mhandisi Maurice Wilks, aliyekuwa akitumia gari la jeshi la Wamarekani katika shamba lake la Wales. Uingereza wakati ule ilikuwa imetoka vitani, na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo bodi ilifanywa kwa aluminiamu, na chuma kikawekwa katika chesisi na sehemu za kazi. Ubahili huo wa lazima uligeuka kuwa neema katika nchi za mvua. Bodi haikuliwa na kutu upesi, na mara nyingi Land Rover kuukuu huwa na sura ya ujana juu na uzee wote chini. Kwa sababu hiyo atakaye kujua umri wa kweli wa gari hili asilitazame usoni, bali ainame.

Chini, kila gurudumu lilitegemea springi ya majani. Springi hiyo ni mabapa ya chuma cha pua yaliyopindwa kama upinde, yakapangwa moja juu ya jingine, refu likifuatwa na fupi, yakafungwa pamoja katikati kwa bolti moja ambayo mafundi huiita senta bolti. Si uvumbuzi wa wenye motokaa. Ilitumika katika magari ya farasi ya Ulaya, na mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Obadiah Elliott alipewa haki ya uvumbuzi kwa namna yake ya kulikalisha gari juu ya springi za umbo la yai. Motokaa ilipozaliwa ilirithi springi za farasi kama mtoto arithivyo nguo za kaka yake, na nguo hizo zikamfaa kwa muda mrefu. Kampuni ya Land Rover iliendelea na springi za majani katika magari yake ya kazi mpaka mwaka 1983, ndipo ikaanza kuziweka springi za koili. Toyota Land Cruiser, iliyochukua nafasi kubwa katika njia za Tanzania tangu miaka ya 1980, nayo ilikuja na springi za majani. Na hata aina zake za kazi nzito zilipopewa springi za koili mbele mwaka 1999, nyuma majani yalibaki.

Sababu yake ni nyepesi. Springi ya majani hufanya kazi tatu kwa mshahara wa mmoja. Hubeba uzito; huishika ekseli mahali pake isiende mbele wala nyuma; na kwa kusuguana kwa majani yake hupunguza kurukaruka, ijapokuwa shokapu ndiyo iliyopewa kazi hiyo hasa. Zaidi ya hayo, ikivunjika jani moja, mengine huweza kulifikisha gari mjini polepole. Springi ya koili ni laini kuliko ya majani, lakini ikivunjika haina ndugu wa kuisaidia.

Gari la namna hii lilikuta kazi ya kutosha Ifakara. Wamisionari Wakapuchini walikuwa wamejenga huko misheni, na hospitali yake, ya Mtakatifu Fransisko, ikawa kimbilio la wagonjwa wa bonde zima. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel na mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, alifika Ifakara. Na mwaka 1957 maabara ya taasisi hiyo ilianzishwa papo hapo. Katika mambo aliyoyachunguza Geigy alikuwamo papasi, mdudu aletaye homa ya kurudiarudia. Papasi hakai maabara. Hukaa katika sakafu za nyumba za udongo, vijijini. Vivyo hivyo mbu, kichocho na ukoma. Utafiti wa magonjwa ya bonde ulikuwa ni safari kabla ya kuwa darubini. Kutokana na maabara ile imekua Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana leo katika dunia nzima kwa kazi yake juu ya malaria na vyandarua. Historia ya taasisi imeandikwa, na yafaa iandikwe. Lakini ni nani aliyeandika kwamba kila sampuli ya damu iliyosomwa ilikuwa imefika juu ya springi, na kwamba nyuma ya springi hiyo alikuwako fundi?

Sasa na tuitazame kazi ya fundi huyo. Matope ya bonde huidhuru springi kwa njia tatu. Kwanza, maji na mchanga mwembamba huingia kati ya majani, na kila jani likisogea hulisaga lenziwe; ncha ya jani fupi huchimba shimo katika jani refu lililo juu yake, na katika shimo hilo ufa huzaliwa. Pili, kutu huota kati ya jani na jani na kuyagandisha, na springi ambayo ilikuwa majani kumi huwa kama gogo moja. Tatu, bushi za mpira zilizo katika masikio ya springi hukauka na kupasuka, na bolti zipitazo ndani yake hugandamana na chuma cha bushi zisitoke tena kwa hiari. Tuongeze dhara la nne litokalo kwa mapenzi ya mwenye gari mwenyewe: wengi walikuwa na desturi ya kuzipaka springi oili chafu ili zisipate kutu. Oili huzuia kutu kweli, lakini hukamata vumbi la kiangazi na kulifanya msasa, tena hula mpira wa bushi.

Kufungua springi za gari kama hilo ni kazi ya subira. Gari huinuliwa kwa jeki na chesisi ikakalishwa juu ya magogo imara, maana mtu mwenye akili halali chini ya jeki peke yake. Ekseli hutegemezwa kwa jeki ya pili, ili springi isibebe wala isining'inie. Shokapu hufunguliwa, kisha bolti zile ndefu zilizopindwa kama kiatu cha farasi, ziifungazo springi juu ya ekseli. Hizi zikiisha kufunguliwa hazifai kurudishwa, kwa kuwa zimekwisha kuvutika. Kisha huja bolti za masikioni. Fundi huzimwagia mafuta mepesi, akazingoja siku moja au mbili, akazigonga. Na zikikataa kabisa huzikata kwa msumeno wa chuma. Hapo springi hutoka, nzito na chafu, ikalazwa chini.

Kabla ya kulegeza senta bolti, fundi hodari hufanya mambo mawili. Huyabana majani kwa jiliwa, maana yamefungwa yakiwa na nguvu ya kutaka kuachana, na nati ikitoka ghafla huweza kumvunja mtu mkono. Tena huyatia alama, kwa mpangilio na kwa upande. Katika Land Rover nyingi za zamani springi ya upande wa dereva haikuwa sawa na ya upande wa pili. Iliinuka zaidi, kwa sababu upande ule ulikuwa na uzito zaidi hata gari likiwa tupu. Asiyejua jambo hili huzibadilisha springi bila kukusudia, kisha hushangaa kuona gari limesafishwa na kupakwa rangi lakini limesimama likiinama kama mtu aliyeteguka nyonga.

Msomaji na angalie lugha ya karakana hii. Springi, bushi, jeki, spana, nati na bolti ni maneno yaliyokuja na motokaa. Jiliwa, tupa, patasi, nyundo, fuawe na mvukuto yalikuwako kabla yake, katika kazi ya seremala na mhunzi. Fundi wa magari huyatamka yote kwa pumzi moja, wala haoni mpaka kati yake. Benchi lake ni mahali ambapo elimu mbili za chuma, ile ya viwanda na ile ya viriba vya mhunzi, zimekaa pamoja.

Majani yakiisha kutandikwa chini kwa zamu yake, brashi ya waya huanza kazi, na hapo kumbukumbu tuliyoitaja huonekana. Chini ya kutu hutokea mashimo ya ncha, ambayo kina chake ni kipimo cha miaka na mizigo. Huonekana nyufa, aghalabu karibu na tundu la senta bolti. Huonekana jani moja lisilofanana na mengine kwa upana au kwa rangi ya chuma, lililochongwa kwa tupa ili lienee; hilo ni jani la lori lililoitwa kusaidia. Huonekana tundu la pili karibu na la kwanza, ushahidi kwamba senta bolti ilikatika, ekseli ikahama mahali pake, na gari likaenda upande kama kaa mpaka alipopatikana mtu wa kulitengeneza.

Lakini yatupasa kuwa waangalifu, kwa maana shahidi wa chuma naye huweza kufahamika vibaya. Springi iliyolala upande mmoja yaweza kuwa imechoshwa na njia iliyoinamia bondeni. Yaweza pia kuwa imelemewa na pipa la mafuta lililowekwa daima upande ule. Au yaweza kuwa ni springi ya upande wa pili iliyofungwa mahali pasipo pake. Fundi mwenye busara hatoi hukumu kwa dalili moja. Hulinganisha springi nne, hutazama chesisi, huuliza mwenye gari na dereva wake. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria, tofauti ni kwamba mwanahistoria akikosea hukosolewa na wenzake, na fundi akikosea hukosolewa na mlima.

Baada ya kusafisha huja kutengeneza, na hapa kuna miiko. Jani la springi lilipata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Kwa hiyo likitiwa tena katika moto bila kipimo hulegea, na likichomelewa huwa gumu na jepesi kuvunjika pembeni mwa chomelo. Asidi kali huondoa kutu upesi, lakini huweza kuufanya ule ugumu wa pua uwe wa kukatika kama kioo. Basi njia salama ni ile ya polepole: brashi, msasa, na kukunja jani likiwa baridi, kidogo kidogo, mpaka upinde wake urudi. Jani lenye ufa hutupwa. Yaliyo mazima hupakwa rangi ya kuzuia kutu, hutiwa grisi ya risasi nyeusi mahali yanaposuguana, na kufungwa upya kwa senta bolti mpya na bushi mpya. Mwisho kuna siri moja ambayo wengi hawaifuati: bolti za masikioni zisikazwe gari likiwa limeinuliwa. Gari lishushwe kwanza, libebe uzito wake, litikiswe, ndipo zikazwe. La sivyo mpira wa bushi utakazwa ukiwa umepindika, na utachanika kabla ya masika mengine.

Hayo ndiyo yapasayo. Yaliyotendeka katika bonde wakati wa dhiki yalikuwa mengine, nayo hayastahili dharau. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania ilikosa fedha za kigeni, na vipuri vikawa adimu kama chumvi bara. Mpaka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, gari lililokosa bushi liliweza kusimama miezi mingi. Katika miaka hiyo jani la lori lilikatwa likawa jani la Land Rover, na bushi zilichongwa kwa mpira wa tairi kuukuu. Huko Mang'ula, Wachina walikuwa wameacha karakana yao ya ujenzi wa TAZARA, ikageuzwa kuwa kiwanda cha vyuma na vifaa. Hivyo bonde ambalo zamani liliingoja reli kwa hamu lilipata pamoja nayo shule ya mashine. Na springi iliyokwisha kabisa haikufa. Ilikwenda kwa mhunzi, ikapashwa moto, ikawa kisu, kishoka au patasi. Chuma kilichofuliwa Uingereza kwa ajili ya gari kiliishia mkononi mwa mkulima wa mpunga.

Tukiyajua hayo twaweza kulijibu swali letu. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wengi wapendao magari ya kale, nao hujitahidi kulirudisha gari katika hali liliyokuwa nayo siku lilipotoka kiwandani. Kila bolti hutafutwa ya aina ile ile, kila jani hupakwa rangi ile ile. Ni kazi ya ustadi na ya mapenzi, wala hatuibezi. Lakini gari lililofanya kazi Kilombero likirudishwa hivyo, litakuwa limefutiwa maisha yake yote na kuachiwa siku yake ya kuzaliwa. Jani la lori lililochongwa kwa tupa halikutoka kiwandani, lilitoka Ifakara. Mbele ya mtaalamu wa magari hilo ni kasoro. Mbele ya historia ya bonde hilo ndilo jani lenye thamani kuliko yote.

Kwa upande mwingine, hatuwezi kusema kwamba kila kilichochakaa kiachwe kama kilivyo kwa heshima ya zamani. Jani lenye ufa halina haki ya kubeba abiria, hata kama ni kumbukumbu. Kuna pia ovu la tatu, ambalo ndilo la kawaida: kupaka rangi nyeusi juu ya kutu, bila kufungua, ili gari liuzwe. Rangi hiyo haimrudishii mtu cha zamani wala haimpi kipya. Humdanganya mnunuzi juu ya usalama wake, na humdanganya mchunguzi juu ya yaliyopita.

Njia iliyo ya haki ni kutenganisha kazi na ushahidi. Kinachotakiwa kubeba na kiwe kizima, kipya ikibidi. Kilichoondolewa na kisikimbizwe kwenye mzani wa chuma chakavu kabla hakijapigwa picha, kupimwa na kuandikwa: kilitoka gari gani, la kazi gani, kilitengenezwa na nani, kwa kifaa gani, mwaka gani. Maneno ya fundi aliyekitengeneza na yaandikwe pia, kwa Kiswahili chake mwenyewe cha karakana, kisichosafishwa kupita kiasi. Hii haihitaji jumba kubwa. Rafu moja katika shule ya ufundi au katika taasisi ya bonde hilo yatosha kwa kuanzia.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyodhaniwa. Mwezi Januari 2016 kiwanda cha Solihull kilitoa Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa 1948. Mwezi huo huo pantoni ilizama katika mto Kilombero pamoja na watu na magari, ikawakumbusha wote gharama ya kuvuka. Mwaka 2018 lilifunguliwa rasmi daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, na katika miaka ya karibuni njia ya Kidatu hadi Ifakara imetiwa lami. Hakuna mtu wa bonde anayelilia matope, wala haifai alilie. Mama aliyeshikwa na uchungu Lupiro usiku wa masika hana haja ya historia ya springi. Ana haja ya daraja. Lakini kila njia mpya huifunika ile iliyokuwa chini yake, na magari yaliyoijua njia ya chini yanauzwa kwa kilo.

Barabara za Kilombero zina taarifa zake katika ofisi za serikali: mwaka wa ujenzi, urefu, gharama. Taarifa hizo hueleza njia zilivyokusudiwa. Jinsi zilivyopitika hasa, mwezi wa Aprili, gari likiwa na wagonjwa sita na maji yakiwa magotini, haikuandikwa na ofisi yoyote. Imeandikwa kwa mashimo ya ncha, kwa nyufa na kwa majani ya kuazima, na wasomaji wa maandishi hayo ni mafundi ambao wengi wao sasa ni wazee. Vyuo vyetu vimejifunza kukusanya tenzi na methali kutoka kwa wazee wa namna nyingine. Na vijifunze kwenda karakana pia, na daftari, kabla mzani haujatangulia.